UZI: Baridi yabisi changa ya mikono. Eksirei ikitoka safi, tupige picha gani na tuangalie wapi?

#1 KifundoChaMkono

Wakuu, salaam kwenu. Uzi huu ni wa wanaoandika fomu za vipimo, wanaopiga picha na wanaozisoma.

Kuna kosa linalojirudia na linawagharimu watu vidole vyao. Mgonjwa ana wiki sita za kuamka mikono imekakamaa kwa zaidi ya saa nzima, vifundo vya vidole vimevimba mkono wa kulia na wa kushoto. Inapigwa eksirei, jibu linarudi "mifupa haina tatizo", anaandikiwa diklofenaki na kuambiwa arudi hali ikizidi.

Kwa upande wa mfupa jibu lile ni sahihi, ila ugonjwa bado haujafika mfupani. Baridi yabisi huanzia kwenye sinovia, ule utando laini unaotandika kiungo kwa ndani. Utando unavimba, mishipa midogo ya damu inaota ndani yake, kisha ndipo unaanza kuutafuna mfupa pembeni, mahali ambapo gegedu haliufuniki. Eksirei huona madini ya mfupa. Ili jicho litambue kuwa mfupa umepauka, karibu theluthi ya madini hayo iwe imeshaondoka.

Utafiti wa Leeds, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2000, uliangalia viungo vya shina la vidole kwa njia zote mbili. Katika wagonjwa 100 wa baridi yabisi, eksirei ilionyesha mimomonyoko (mahali mfupa ulipotafunwa) 32 kwa watu 17. Ultrasaundi ilionyesha 127 kwa watu 56. Kwa wale ambao ugonjwa ulikuwa mchanga tofauti ilikuwa kubwa zaidi, mara 6.5.

Mpangilio ninaoutetea: mikono ipapaswe na daktari kwanza, eksirei ipigwe kama kumbukumbu ya mwanzo, kisha ultrasaundi yenye Dopla (rangi inayoonyesha damu inayotembea) ijibu kama utando umewaka. MRI (picha ya sumaku) ibaki kwa maswali machache. Mnisahihishe panapostahili, na wenye mashine muweke vipimo kamili.

#2 Mpigapicha_Mionzi

Naunga mkono, lakini eksirei isidharauliwe. Miaka miwili mbele, picha ya leo ndiyo itakayosema kama dawa inafanya kazi. Ikipigwa ovyo haitalinganishika na yoyote.

Kwa mikono: kiganja chini, kimelala kabisa juu ya kaseti au kipokezi, vidole vimeachana kidogo, pete na bangili vimevuliwa. Umbali sentimita 100, kV 50 hadi 55, foka ndogo, bila gridi. Ukipiga mkono mmoja mmoja, lenga kichwa cha mfupa wa kiganja wa kidole cha kati. Ukipiga yote miwili kwa pamoja, mwali unaangukia katikati ya mikono na kila mkono unapigwa kwa mshazari kidogo, hivyo nafasi ya kiungo inaweza kuonekana finyu wakati ni pana. Chagua njia moja uiandike, na safari ijayo urudie hiyohiyo.

Ongeza picha ya pili: migongo ya mikono chini, mikono imeinuliwa upande wa dole gumba nyuzi 45, kama mtu anayetaka kudaka mpira. Ni mkao wa Nørgaard, wa mwaka 1965. Unafunua pembe za vichwa vya mifupa ya kiganja ambazo picha ya kawaida inazificha.

Halafu kitu kinachosahaulika kila siku: NYAYO. Mara nyingi mmomonyoko wa kwanza kabisa hutokea kwenye shina la kidole cha mwisho cha mguu, huku mikono ikiwa bado safi. Daktari akiandika "mikono" peke yake, mpigie simu umuulize. Alama za Sharp/van der Heijde zenyewe, za kupima uharibifu kwenye eksirei, zinazofika 448, zinahesabu mikono na nyayo pamoja.

Kwenye picha angalia kwanza upande wa dole gumba wa vichwa vya mfupa wa kiganja wa pili na wa tatu, kisha ncha ya ulna (mfupa wa kigasha upande wa kidole cha mwisho). Uvimbe wa nyama kuzunguka viungo unaonekana pia, ila ukikoza giza la picha unaupoteza.

#3 Probu18

Nachukua upande wa ultrasaundi. Nitakuwa mrefu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopata "hakuna kitu" wakati kitu kipo.

Probu iwe bapa, ya masafa ya juu. Kwa vidole MHz 15 hadi 18 au zaidi. Kifundo kinavumilia 12. Kina cha picha kiwe sentimita 1.5 hadi 2 kwa vidole, 2 hadi 3 kwa kifundo. Foka iwekwe usawa wa kiungo.

Mgonjwa akae ameelekeana nawe, mkono umelazwa juu ya mto mdogo, kiganja chini, vidole vimelegea. Mkono ukikunjwa ngozi ya mgongo wa kiungo inakazika na kuikamua mishipa midogo, Dopla inazimika. Chumba kisiwe cha baridi. Mikono iliyotoka kwenye kiyoyozi kikali inaonyesha damu kidogo kuliko ilivyo, kwa hiyo mpe dakika kadhaa ipate joto.

Jeli iwe nyingi, tabaka nene, probu IELEE juu yake. Nasisitiza: ielee. Uzito wa mkono wako peke yake unatosha kufuta Dopla kwenye kidole. Egemeza kidole chako kidogo juu ya mto na uone ukanda mweusi wa jeli kati ya probu na ngozi. Ukanda huo ukipotea, umeshabonyeza.

Njia ya kupitia, mkono mmoja:
- Kifundo kwa mgongo, katikati, kwa urefu: radiasi (mfupa wa kigasha upande wa dole gumba), lunati na kapitati (vijifupa vya kifundo) ziwe kwenye picha moja. Kisha usogee upande wa ulna.
- Vyumba sita vya kano za mgongo wa kifundo, kwa upana. Chumba cha sita, upande wa ulna, usikiruke hata siku moja. Ala ya kano ile ni moja ya sehemu zinazowaka mapema.
- MCP (viungo vya shina la vidole) ya pili hadi ya tano, kwa mgongo, urefu na upana. Teleza kutoka ukingo hadi ukingo. Usipige picha ya katikati ukaondoka.
- MCP ya pili kwa ubavu wa dole gumba, MCP ya tano kwa ubavu wa nje. Huko ndiko mimomonyoko inakotafutwa. Ya tatu na ya nne ubavu wake umezibwa na vidole jirani. Huo ni upungufu wa ultrasaundi na uandikwe.
- PIP (viungo vya kati vya vidole) ya pili hadi ya tano kwa mgongo. Upande wa kiganja uangalie pia kano za kukunjia vidole.

Dopla: PRF (kasi ya kurudia mipigo ya sauti) kati ya 0.5 na 0.8 kHz, filta ya chini kabisa. Geini (ukuzaji wa mwangwi) ipandishe mpaka chembechembe za rangi zitapakae picha yote, kisha ishushe pole pole mpaka zipotee chini ya mfupa, ukomee hapo. Kisanduku cha rangi kifike juu kabisa ya picha, ili mshipa wa ngozini ukitupa kivuli chake chini ukione chanzo chake. Rangi inayoonekana NDANI ya mfupa mzima, chini ya gamba lake, kwa kawaida ni kivuli hicho.

Maji na utando vitofautishwe kwa kubonyeza: maji yanakimbia na hayana rangi; utando uliovimba unabaki palepale, haubonyei kirahisi, na unaweza kuwa na rangi. Ukishabonyeza kwa ajili hiyo, legeza kabisa kabla ya kuwasha Dopla.

#4 KlinikiYaWilaya

Shukrani sana Probu18. Swali la kiutendaji: sehemu nyingi za wilayani probu bapa iliyopo ni ya MHz 7.5 hadi 10, ya shingo na matiti. Inafaa, au tusijisumbue?

La pili: mgonjwa anakuja ameshakunywa prednisoloni (steroidi) ya duka la dawa. Hilo linabadilisha nini?

#5 Probu18

Mkuu, inafaa kwa kifundo, na kwa MCP ambazo zimevimba kweli. Kwa PIP picha inakuwa ya ukungu. Kanuni ni ya upande mmoja: ukiona utando mnene wenye rangi, amini. Usipoona, usiandike "hakuna sinovaitisi" (uvimbe wa sinovia). Andika "haikuonekana kwa probu ya MHz 10". Mashine nyingi za zamani Dopla yake haipati damu ya mwendo mdogo hivi.

Prednisoloni inazima rangi, na utando wenyewe unaweza kunywea. Diklofenaki na ndugu zake nazo zinaweza kupunguza. Andika kwenye fomu dawa, kiasi na siku ya mwisho kumeza. Msimwachishe mtu steroidi ghafla ili picha ipendeze, hasa kama ameinywa kwa wiki kadhaa. Ni hatari kuliko kukosa picha.

#6 BingwaWaViungo

Niingie kwenye madaraja, maana ndipo ripoti zinapopishana.

Mizani ya EULAR (muungano wa Ulaya wa magonjwa ya viungo) na OMERACT (kundi la kimataifa la vipimo vya magonjwa hayo) ni 0 hadi 3. Kwa kijivu, yaani picha bila Dopla: daraja 1, utando mdogo usiovuka mstari unaounganisha mifupa miwili, daraja 2, umevuka mstari lakini uso wake wa juu ni bapa au umebonyea, daraja 3, uso umetuna kama mgongo wa kobe. Kwa Dopla: daraja 1 ni hadi vidoa vitatu vya pekee, au kimoja kilichoungana pamoja na viwili vya pekee, au hadi viwili vilivyoungana; daraja 2 ni zaidi ya hapo ila rangi haijazidi nusu ya utando; daraja 3 imezidi nusu.

Daraja 1 ya kijivu bila rangi wanayo watu wazima wa afya wengi, hasa wenye umri mkubwa na wanaofanya kazi za mikono. Isihesabiwe kama ugonjwa.

Kwa nini nasisitiza? Chukua vigezo vya 2010 vya kutambua baridi yabisi, vya ACR (chama cha Marekani) na EULAR, ambapo alama 6 kati ya 10 zinatosha. Sharti la kuingia ni angalau kiungo kimoja kilichovimba kweli kwa uchunguzi wa daktari, na pasiwe na ugonjwa mwingine unaoelezea uvimbe huo. Sasa mgonjwa ana viungo vidogo vitatu (alama 2), anti-CCP, kingamwili ya baridi yabisi, imepanda kidogo (2), ESR na CRP, vipimo vya damu vya uvimbe, za kawaida (0), amezidisha wiki sita (1). Jumla 5. Ultrasaundi ikionyesha vingine viwili vyenye utando na rangi, viungo vinakuwa vitano, alama 3, jumla 6. Picha imebadilisha uamuzi kihalali. Lakini kama vile viwili ni vya daraja 1 bila rangi, umemwanzishia mtu methotreksati (dawa ya kutuliza kinga) kwa kivuli.

DIP (viungo vya ncha za vidole), shina la dole gumba karibu na kifundo, na shina la kidole kikubwa cha mguu havihesabiwi. Hivyo ni makao ya uchakavu wa viungo.

#7 Mpigapicha_Mionzi

Daktari, na ile mimomonyoko ya uongo? Naona ripoti nyingi zinaandika "mmomonyoko" mgongoni mwa kichwa cha mfupa wa kiganja.

#8 BingwaWaViungo

Umegusa penyewe. Mgongoni, pale kichwa kinapokutana na shingo ya mfupa, kuna kibonde cha kuzaliwa nacho: laini, chini yake panang'aa, hakina utando wala rangi. Mmomonyoko wa kweli ni gamba lililokatika, sakafu isiyo sawa, na lazima uonekane kwa pande mbili zinazokatana, urefu na upana. Ukionekana upande mmoja tu, acha. Mwiba wa uchakavu pembeni ya kiungo nao unaacha pengo linalofanana.

Mitego mingine kwa ufupi. Gegedu ni jeusi tititi, watu huliita maji. Lina unene ulio sawa na linafuata mviringo wa mfupa. Utepe unaofunga kano za mgongo wa kifundo ni mweusi-mweusi, huonekana kama ala iliyovimba. Ila uko juu ya kano upande mmoja tu, hauizunguki. Na kano ikipigwa na probu iliyoinama hata nyuzi chache inageuka nyeusi bila ugonjwa wowote. Yumbisha probu kidogo. Ikirudi kung'aa, ni nzima.

#9 Uboho_MRI

Kuhusu MRI. Ina kitu kimoja ambacho hakuna kipimo kingine hapa kinakionyesha: maji ndani ya uboho. Mfupa wenye maji hayo leo ndio wenye hatari kubwa ya kumomonyoka kesho. Ultrasaundi inakomea kwenye gamba.

Itifaki ya kutosha (T1, T2 na STIR ni aina za picha za MRI): T1 kwa bapa la mbele, STIR au T2 iliyofutwa mafuta, kisha T1 baada ya gadolini, dawa ya kung'arisha picha, ya 0.1 mmol kwa kilo. Vipande visizidi milimita 3. Picha za baada ya dawa zipigwe mara moja, ndani ya dakika kama tano hivi; ukichelewa, dawa inavuja kutoka kwenye utando kwenda kwenye maji ya kiungo, mpaka kati yao unapotea na kila kitu kinaonekana utando. Pima figo kwanza; eGFR (kiwango cha figo kuchuja) chini ya 30 inahitaji mjadala na daktari kabla ya kuchoma.

Tatizo la mara kwa mara ni mkao. Mgonjwa akilala kifudifudi, mkono umenyooshwa mbele ya kichwa, picha ni nzuri kwa sababu mkono uko katikati ya sumaku, lakini bega linauma na baada ya dakika 15 anatikisika. Ukiuweka ubavuni anatulia, ila uko pembeni ya sumaku na ufutaji wa mafuta unaharibika: upande mmoja wa kifundo unang'aa kama una maji ubohoni. Hapo tumia STIR au Dixon (njia nyingine ya kufuta mafuta).

Alama ni RAMRIS, mizani ya MRI kwa baridi yabisi: sinovaitisi 0 hadi 3, maji ya uboho 0 hadi 3, mmomonyoko 0 hadi 10, kila alama asilimia 10 ya mfupa. Watu wazima wa afya nao wanaonyesha madoa madogo, hasa kapitati na lunati, pale mishipa inapoingilia na ligamenti zinaposhikia. Kundi la Leiden, Uholanzi, limeonyesha wazi kwamba mabadiliko haya madogo yanaongezeka na umri.

#10 KlinikiYaWilaya

Kwa hiyo mwenye maumivu ya vidole bila uvimbe, MRI ikionyesha utando umewaka, aanzishiwe dawa?

#11 Uboho_MRI

Leiden hao hao walilijaribu: utafiti wa TREAT EARLIER, Lancet 2022, watu 236. Methotreksati mwaka mmoja, ufuatiliaji miaka miwili. Haikuzuia baridi yabisi kutokea. Maumivu, ukakamavu na uwezo wa kufanya kazi viliboreka, na uwakaji kwenye MRI ulipungua, hata baada ya dawa kuachwa. Ukweli huo mgonjwa aambiwe wote, nusu zote mbili.

#12 BingwaWaViungo

Niongeze upande wa kufuatilia. Kuna wanaopandisha dozi kila wakiona kidoa cha rangi. Tafiti za ARCTIC ya Norwei na TaSER ya Uskoti, zote 2016, zililinganisha kuongozwa na ultrasaundi na kuongozwa na uchunguzi wa kawaida: wagonjwa hawakuwa na matokeo bora. IMAGINE-RA ya Denmark, 2019, ilifanya hivyo kwa MRI: haikusaidia, na madhara makubwa yalikuwa mengi zaidi. Kwenye utambuzi picha ni nguzo. Kwenye ufuatiliaji itumike pale mikono ya daktari na maneno ya mgonjwa vinapogongana.

#13 Pwani_Kusini

Jambo moja la kwetu ambalo miongozo ya Ulaya hailigusi vya kutosha: chikungunya. Ilitambuliwa kwa mara ya kwanza Newala mwaka 1952 na jina ni la Kimakonde, likimaanisha kupindika. Lamu iliwaka mwaka 2004, ikaenda Komoro na Réunion. Maumivu ya viungo yanaweza kukaa miezi, wengine zaidi ya mwaka, na yanapenda vifundo na vidole pande zote mbili. Kwenye ultrasaundi utaona sinovaitisi yenye rangi na ala za kano zilizovimba. Kwa picha peke yake HUWEZI kuitenganisha na baridi yabisi changa.

Uliza homa ya ghafla na vipele, uliza majirani, uliza tarehe. Piga anti-CCP. RF (kingamwili nyingine ya baridi yabisi) peke yake inadanganya, maana hupanda kwa kifua kikuu na homa ya ini C pia; hata anti-CCP inaweza kupanda kwa kifua kikuu. VVU na homa ya ini B vipimwe vilevile, kwanza kwa sababu vinaleta uvimbe wa viungo, pili kwa sababu methotreksati juu ya homa ya ini B isiyojulikana ni janga.

Kiungo kimoja kikubwa kilichovimba peke yake, chenye homa, kisisubiri picha. Kivutwe maji siku hiyo hiyo.

#14 KifundoChaMkono

Dada Pwani_Kusini, hoja hiyo naiweka kwenye bandiko la juu.

Probu18, kwa wenye foleni ndefu: mgonjwa mmoja viungo 22 haiwezekani. Unapunguzaje?

#15 Probu18

Wajerumani wana hesabu ya viungo saba, ya mwaka 2009, upande ulioathirika zaidi: kifundo, MCP ya pili na ya tatu, PIP ya pili na ya tatu, na mguuni MTP (viungo vya shina la vidole vya mguu) ya pili na ya tano. Aliyezoea anamaliza ndani ya dakika 10 hadi 20. Kwa utambuzi mimi naongeza MCP ya tano kwa ubavu na chumba cha sita cha kano, hata kama havimo, pamoja na kiungo chochote ambacho mgonjwa amekigusa kwa kidole akasema "hapa".

Ripoti iwe na mistari hii, hata ikiandikwa kwa mkono: probu na masafa yake, PRF, dawa alizokunywa na lini, kila kiungo na madaraja mawili, kijivu na Dopla, kando kando, mfano "MCP 2 kulia: 2/1"; ala za kano, ipi; mmomonyoko, upande gani, milimita ngapi, umeonekana pande ngapi; viungo ambavyo havikuangaliwa. Mstari huo wa mwisho msiufute. Daktari akiona kimya anadhani kiungo ni kizima.